Mstari Usioshuka

Tuanze na ukweli, maana sina subira ya kuzungushana: mimi ndiye niliyeitupa. Si jokofu, si waya, si Profesa. Ni mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, kikombe cha chai kikiwa mkono wa kushoto na hasira zikiwa kichwani. Na aliyekuwa akiingoja habari ile ni mama yangu mzazi.

Mimi ni fundi wa jokofu. Nikisema hivyo watu hunivuta jikoni kwao, "Hebu tutazamie hili letu, linavuja." Aka! Jokofu langu ni mtungi mrefu wa chuma unaoning'inia kutoka darini, ndani una sahani za shaba zilizopangwa moja chini ya nyingine, na sahani ya mwisho ina baridi kushinda hata lile giza lililo baina ya nyota. Kulishusha mpaka baridi hiyo ni siku tatu. Kulirudisha kwenye joto ni siku mbili. Ukikosea skrubu moja umepoteza wiki nzima, na mimi nimepoteza wiki nyingi kiasi kwamba hakuna skrubu mle ndani ambayo sijaitukana.

Chini kabisa kuna kibamba kidogo kuliko ukucha, na humo ndimo tunamojenga kompyuta ya kwanta. Kompyuta hizi zina akili nyingi na kichwa cha kuku. Unaiwekea jambo, mtu anabamiza mlango ghorofa ya chini, limeshasahaulika. Mtetemo, joto, simu mfukoni mwa mtu, chochote kile kinaisahaulisha. Watu wote wa kazi yetu duniani wanahangaika na swali hilo moja, tufanyeje zisisahau.

Dawa mojawapo ni kusuka. Sikutanii. Ndani ya kibamba tunaumba chembe za ajabu ambazo haziishi popote ila kwenye baridi ile, na ukizipitisha moja kumzunguka mwenzake, zinakumbuka nani alimpita nani kwanza. Habari haikai ndani ya chembe, inakaa kwenye msuko wenyewe. Na msuko, kama anavyojua yeyote aliyewahi kukaa mbele ya msusi, haufumuki kwa kutikisa kichwa. Shida ni kwamba chembe tulizozoea zinakubali mitindo michache tu. Kuna mitindo mingine ambayo kompyuta haiwezi kufanya hesabu za maana bila hiyo, na hiyo ukiilazimisha inafumuka yenyewe, kumbukumbu ikaenda na maji.

Hapo ndipo anapoingia mama.

Mama alifundisha hisabati chuoni miaka thelathini na mmoja. Wenzake walimwita Mama Sifuri, na si kwa heshima. Katika hesabu za chembe hizi kuna moja ambayo ukiipima, jibu ni sifuri. Wanahisabati wote walikuwa wakifika hapo wanaikata kwa kalamu na kuendelea na safari yao. Mama akasema hapana, tatizo ni mizani yenu, chembe haina kosa. Akaipa jina, kitelekezwa. Akaiandikia makala tano, na waliozisoma zote tano ungeweza kuwahesabu kwa mkono mmoja, kidole gumba kikabaki.

Mimi alinieleza mezani kwetu nilipokuwa na miaka kumi na mitano. Mdogo wake mama, ambaye sisi tunaishi naye tangu nikumbuke, ni fundi cherehani. Huyo ndiye Mama mdogo. Mama akamwibia nyuzi tatu za rangi na ule mto wa kuchomekea sindano.

"Haya Pilipili, suka," akaniambia. Pilipili ndilo jina alilonipa, na ukinijua hutauliza kwa nini. "Ila nikivuta ncha zote, msuko usifumuke."

Nikasuka, akavuta, ukafumuka. Nikasuka tena, ukafumuka. Nikaurusha mpaka ukutani, ndiyo tabia yangu, nikishindwa narusha. Mama akaenda akauokota, akachomeka sindano moja nene katikati ya mto, ikasimama wima. "Zungusha nyuzi zako kuipita hii. Yenyewe usiiguse."

Nikazizungusha, mama akavuta. Msuko ukakaza.

"Unaona? Sindano haikufanya lolote. Haikusukwa, haikuzunguka, haimo kwenye hesabu ya nyuzi. Imesimama tu. Lakini itoe, uone."

"Nyie ipotezeni hiyo sindano yangu," Mama mdogo akasema kutoka kwenye cherehani, "ndipo mtakapoona."

Usahaulifu ulianza kwa mambo ya kuchekesha. Miwani ndani ya kabati la vikombe, kikombe ndani ya mkoba wa vitabu. Alimsimulia Mama mdogo habari ileile mara tatu katika chai moja, naye Mama mdogo, ambaye kuvumilia hakukujua, akamwambia, "Dada, hiyo santuri imekwama," wakacheka wote wawili mpaka wakafutana machozi. Kisha siku moja mama akapotea njia akitoka chuoni, njia aliyoipita miaka yote ile. Alisimama mbele ya duka la viatu mpaka mwenye duka akamwomba simu na kumpigia mtu wa kwanza aliyemwona humo. Mtu wa kwanza nilikuwa mimi. Daktari alikuwa mpole, alizungumza huku akiitazama kalamu yake. Miaka miwili ya kuelewa mambo, alisema, pengine pungufu.

Tulipotoka pale mama hakulia. Aliyelia ni mimi, na nikagombana na mlinzi wa lango ambaye hakuwa na kosa lolote zaidi ya kunisalimia. Ndani ya gari mama akanishika mkono.

"Sikiliza. Sina wasiwasi wa kusahau watu. Wengine ni afadhali niwasahau." Akacheka kidogo. "Nataka kitu kimoja tu. Kama kitelekezwa kipo, nijue kipo, wakati bado najua ni kitu gani."

"Kitapatikana, mama."

"Na usinipigie simu. Wala usimtume mtu. Uje mwenyewe, nikusome usoni kabla hujasema. Nimengoja mno kuja kuambiwa na simu."

Nikamwahidi. Katika maisha yangu yote mama hakuwahi kuniomba kitu kingine.

Profesa wetu ni mtu mwema mwenye woga. Nilimkalia kooni miezi minne ndipo akakubali tukijaribu kitelekezwa cha mama, tena Ijumaa tu, siku ambayo yeye mwenyewe hana kazi na jokofu. Siku nyingine zilikuwa za majaribio aliyoyaita ya kweli. Basi kila Ijumaa nakinasa kitelekezwa katikati ya kibamba, kinatulia pale, chembe nyingine zinakizunguka kwa ule mtindo usiowezekana, halafu mashine inajiuliza yenyewe tena na tena mpaka asubuhi ya Jumamosi: bado unakumbuka? Jibu linachorwa kama mstari. Kumbukumbu ikififia, mstari unashuka. Ukishuka polepole tunapeana mikono. Ukiporomoka tunapeana pole, na anayeongoza kwa hilo ni mwenzetu mmoja wa vipimo vya umeme tunayemwita Bwana Pole, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila jambo. Ukimwambia umepandishwa cheo atakwambia pole.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika maabara yetu kuna kanuni ambayo haikuandikwa popote na kila mtu anaijua: mstari usioshuka ni waya mbovu. Waya wa kipimo ukilegea, kipimo kinaganda kwenye namba ya mwisho na kuirudia kama kasuku, mstari unatoka umenyooka kama rula. Tulikuwa tumeliona hilo mara nyingi mno, kwa mashine hii na mashine zilizoitangulia. Kwa hiyo ukiukuta mstari wa namna hiyo huupotezei muda. Unautupa kwenye faili tuliloliita Pipa, unabadilisha waya, unaanza upya. Hakuna hata mmoja wetu, pamoja na vyeti vyetu vyote ukutani, aliyewahi kujiuliza: siku kompyuta ikikataa kusahau, itachora mstari gani?

Jumamosi ile niliingia saa mbili asubuhi na chai yangu. Nikawasha skrini. Mstari umenyooka kama rula. Nikatoa tusi ambalo sitaliandika hapa, nikautupa Pipani, nikang'oa waya na kuurushia kwenye kopo la bati ninamowekea nyaya mbovu, nikafunga mpya. Dakika kumi hazikufika, na chai ilikuwa bado ya moto.

Kesho yake, Jumapili, nikaenda nyumbani kama kawaida. Mama alikuwa dirishani na daftari lake. Wakati huo sehemu kubwa ya siku alikuwa bado ni yeye. Akanitazama usoni hata sijavua viatu.

"Bado?"

"Bado, mama. Waya mbovu."

"Waya mbovu vipi?"

"Mbovu, mama! Mambo ya mafundi hayo, hata nikikueleza..."

Sikumalizia. Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye daftari. Mama mdogo akanikata jicho ambalo lingeweza kushona mdomo wa mtu. Nikanywa chai, nikaondoka.

Mjue nilichokifanya. Jibu lilikuwa limelala Pipani tangu jana yake. Mama, na akili zake zote, akaniuliza swali moja dogo, waya mbovu vipi. Ningekaa chini nikamweleza jinsi mstari ulivyonyooka, angeliona palepale. Yeye ndiye aliyewagombeza watu maisha yake yote wasitupe kitu kwa kuwa kinaonekana sifuri. Dakika tano tu. Sikumpa hata hizo, na sikuwa na pa kwenda.

Mambo yakaendelea hivyo miezi minane. Si kila Ijumaa, maana zipo ambazo kitelekezwa kilikataa kunasa na mstari ukashuka kama mingine yote. Lakini mara kumi na moja mstari ulinyooka, na mara kumi na moja niliutupa. Nikaanza kusema Ijumaa ina mkosi. Nikamwomba Profesa anibadilishie siku, akakataa.

Na nyumbani mama alikuwa akiondoka kidogo kidogo. Kwanza alisahau kutumia simu. Halafu daftari likaanza kuwa na milinganyo isiyo na upande wa pili, alama ya sawasawa kisha karatasi nyeupe. Akaanza kuniita kwa jina la Mama mdogo, na Mama mdogo kwa jina la mama yao aliyekufa zamani. Sindano zikafichwa, baada ya siku moja kukutwa ameshika moja ndani ya ngumi na damu inamtoka, hana habari. Lakini kila Jumapili nikiingia, neno lilikuwa lilelile. "Bado?" Na mimi, "Bado, mama."

Kilichonifumbua macho ni usafi. Profesa alitangaza kompyuta ya ofisi imejaa, Pipa lisafishwe, na nani wa kusafisha kama si Pilipili. Nikaketi nikaanza kufuta huku nikisoma tarehe bila hamu. Ijumaa. Ijumaa. Ijumaa. Mkono ukasita. Nikazipanga kwa siku. Mwaka mzima siku nyingine zote kwa jumla zilikuwa na mistari miwili ya waya mbovu. Ijumaa peke yake kumi na moja. Sasa waya unajuaje kama leo Ijumaa?

Nikalichukua lile kopo la bati nikalimimina mbele ya Bwana Pole. Kila waya nilikuwa nimeubandika karatasi ya tarehe. "Hizi za Ijumaa zipime."

"Pole. Zote?"

"Zote!"

Akapima wa kwanza, mzima. Wa pili, mzima. Alipofika wa saba aliacha kusema pole. Nyaya zote kumi na moja hazikuwa na kasoro yoyote.

Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye guu la meza. Watu wanadhani mtu akigundua jambo kubwa anaruka. Mimi kilichonijia ni tarehe ya waya wa kwanza. Ilikuwa Ijumaa ya kabla ya Jumapili ile. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu alikuwa amekuja na amekaa mapajani.

Profesa alipouona ushahidi alivua miwani na kuivaa mara tatu. "Tunarudia," akasema. "Mara tatu, kila mara tukilirudisha jokofu kwenye joto na kuanza upya. Mpaka hapo usimwambie mtu. Hata mama yako."

Nikafungua mdomo nimrukie, nikaufunga. Kanuni ile haikuwa yake, ilikuwa ya mama. Profesa alikuwa mwanafunzi wake, na kila mwaka siku ya kwanza mama aliandika ubaoni: jambo lisilorudiwa mara tatu ni uvumi. Alikuwa na sababu. Kuna mwaka kundi moja la watafiti wa mbali lilitangaza limekiona kitelekezwa, mama akaimba nyumbani wiki nzima, na sauti yake ilikuwa mbaya jamani. Wiki iliyofuata wakasema samahani, lilikuwa vumbi kwenye kipimo. Mama alilala kitandani siku nne akiutazama ukuta. Nikajiapiza kwamba mimi sitamletea vumbi.

Mara ya kwanza mstari ukanyooka. Tukapasha, tukashusha. Mara ya pili ukanyooka. Usiku nilikuwa silali na mchana nilikuwa sili, na Bwana Pole akawa ananiletea mkate na kuusogeza mezani.

Jumapili iliyofuata Mama mdogo alinifungulia mlango kabla sijabisha. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Leo yupo," akaninong'oneza. "Tangu asubuhi. Wahi!"

Mama alikuwa mezani, amechana nywele, amevaa miwani yake kwenye pua yake. "Pilipili," akasema. Miezi sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwake. Nikakaa.

"Umekonda," akasema. "Unagombana na nani siku hizi?"

"Na kila mtu, mama."

"Afadhali. Nilidhani umeanza kuzeeka." Kisha akaegemea mbele, akanishika kidevu kwa vidole viwili, akanisoma. "Bado?"

Nilikuwa na mbili. Nilibakiza moja. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni kama maji ya kusukutulia. Nikafikiria vumbi. Nikafikiria siku nne za kutazama ukuta. Nikafikiria kwamba kama ya tatu itaanguka, nitakuwa nimemvunja mama yangu kwa mkono wangu, na safari hii hatakuwa na nguvu ya kuinuka.

"Bado kidogo, mama," nikasema. "Nipe wiki moja."

Akaniachia kidevu, akatabasamu. "Wiki moja naiweza."

Tulikunywa chai. Alimtania Mama mdogo kwamba tangu wazaliwe hajawahi kumshonea nguo ikamtosha mabegani. Mama mdogo akasema mabega hayo si ya nguo, ni ya kubebea magunia. Tulicheka, jamani tulicheka. Nilipoaga alinisindikiza mpaka mlangoni na kuniambia niendeshe polepole.

Jumamosi asubuhi mstari wa tatu ulikuwa umenyooka. Profesa alikumbatiana na Bwana Pole, na Bwana Pole akasema, "Hongera," kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mimi sikungoja. Nikachapisha ule mstari kwenye karatasi kubwa, nikaikunja, nikaendesha kama mwehu. Nilipiga honi njia nzima. Nilikuwa nacheka peke yangu garini, naye aliyenipita lazima alidhani nimelewa.

Mama mdogo alifungua. Hakuninong'oneza kitu. Alinitazama, akaitazama karatasi mkononi mwangu, akaelewa, akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa alichokuwa akikishona.

"Tangu Jumatano," akasema. "Jumatano aliamka hivyo. Nilisema labda kesho atarudi, labda kesho."

Nikampita nikaingia.

Mama alikuwa dirishani. Mbele yake nyuzi tatu na ule mto wa sindano, na kwa kuwa sindano zimefichwa, alikuwa amechomeka kipande cha penseli katikati, kimesimama wima. Aliponiona akainuka kidogo kwa adabu.

"Karibu, mwanangu."

Mwanangu! Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Ndipo nikaona macho yake. Aliniita mwanangu kama mtu mzima yeyote anavyomwita kijana yeyote anayeingia nyumbani kwake.

"Ulikuwa mwanafunzi wangu?" akauliza. "Nisamehe, mmekuwa wengi."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Nimekuletea kitu."

Nikaikunjua karatasi mapajani mwake. Akavaa miwani. Kidole chake kikaanza upande wa kushoto, kikaufuata mstari taratibu, taratibu, kikafika katikati, kikaendelea, kikafika mwisho wa karatasi. Kikarudi mwanzo. Kikaufuata tena.

"Haushuki," akasema.

"Haushuki, Mwalimu. Mara tatu tumerudia. Ni—"

Akaibana karatasi kwa viganja vyote viwili, akaufunika mstari. "Usiniambie."

Nikashika ncha ya karatasi.

"Usiniambie, mwanangu. Nina binti. Yeye ndiye anayenitafutia jambo hili, tumeahidiana. Ataniambia yeye. Nikishaambiwa na mtu mwingine atanuna, na wewe hujui hasira za yule mtoto." Akacheka, kicheko chake kilekile. "Tena hataki hata nimtajie. Anahangaika nacho, masikini, nyaya zake zinamsumbua. Lakini hatakitupa. Wengine wote wanatupa, yeye hatupi."

Mama mdogo akatoka chumbani. Nilimsikia huko jikoni akifungua maji ya bomba kwa nguvu zote, ili tusisikie kingine.

"Mama," nikasema. "Ni mimi. Ni Pilipili."

Akanishika kidevu kwa vidole viwili. Akanisoma, muda mrefu, kwa upole wote wa mwalimu anayemtafutia mwanafunzi wake walau alama moja. Kisha akaniachia.

"Hapana, mwanangu. Pilipili halii, yeye anarusha vitu. Na siku atakayokuja na habari hii atakuja anacheka. Nitamjua tu, hata kabla hajasema." Akanipangusa shavu kwa kiganja. "Wewe una msiba wako. Pole sana. Kaa, utamkuta. Hayuko mbali."

Nikakaa. Kuna nini kingine cha kufanya? Nikavuta kiti nikakaa karibu naye dirishani, yeye akaikunja karatasi mara nne na kuiweka ndani ya daftari, salama, ya kumwonyesha binti yake.

Mama mdogo alikuja na sinia lenye vikombe vitatu, macho mekundu. Mama akavihesabu kwa kidole. "Ongeza kimoja," akasema. Mama mdogo akaenda akaleta cha nne, akakimimina bila kubishana, mwanamke ambaye hajawahi kukubali neno maishani mwake bila kubishana. Mama akakivuta kile cha nne upande wake, akakifunika kwa kisahani kisipoe, na sote watatu tukageukia mlango.